Haki ya Ndama Katika Maziwa ya Mama Yake

Maziwa ya ng'ombe ni chakula kilichoandaliwa na mwili wa mama kwa ajili ya mwanawe, na mwanadamu anayeyakamua, hata anapofanya hivyo kwa haki kamili ya mwenye mali, anachukua sehemu ya riziki ambayo tayari ilikuwa na mwenyewe. Jambo hili limezoeleka mno kiasi kwamba ni nadra kutazamwa kama suala la maadili; chai hunywewa, mtindi huuzwa, na ndama hubaki kuwa habari ya zizini. Wakati huohuo maduka ya pembejeo na dawa za mifugo yamejaa pakiti na chupa za kile kinachoitwa nyongeza za lishe, yaani vitu vinavyotiwa kwa kiasi kidogo katika maziwa au chakula cha ndama ili kulinda tumbo lake na kuharakisha ukuaji wake: bakteria hai, hamira, sukari za aina maalumu, asidi, mafuta ya mimea, vitamini na madini. Mazungumzo kuhusu nyongeza hizi huendeshwa kwa lugha ya faida na hasara, na mfugaji huulizwa tu kama shilingi aliyoitoa itarudi. Hoja itakayotetewa hapa ni kwamba suala hili ni la haki kabla halijawa la hesabu, kwa sababu karibu kila nyongeza hujaribu kurudisha kitu ambacho ndama alikuwa akikipata kwa mama yake, na haiwezekani kuihukumu vyema bila kuuliza kwanza ni kitu gani kilichochukuliwa na aliyekichukua anadaiwa kiasi gani.

Ili deni hilo lionekane, hali ya ndama siku anayozaliwa lazima ielezwe kwa makini. Mtoto wa binadamu hupokea kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na maradhi, kupitia kondo la nyuma akiwa bado tumboni. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili hizo, na kwa hiyo ndama huzaliwa akiwa karibu hana kinga yoyote. Kinga yake yote ya mwanzo imo katika dang'a, maziwa mazito ya manjano yanayotoka baada ya kuzaa, ambayo yakiwa bora huwa na gramu 50 au zaidi za kingamwili katika kila lita. Utumbo wa ndama mchanga una uwezo wa ajabu wa kuzipitisha kingamwili hizo zikiwa nzima hadi kwenye damu, lakini uwezo huo hupungua saa hadi saa na hukoma baada ya takriban siku moja. Ndama wa kilo 40 anahitaji kiasi cha lita nne za dang'a, sehemu ya kumi ya uzito wake, na sehemu kubwa ya hizo aipate katika saa chache za mwanzo. Akicheleweshwa hadi kesho yake, dang'a ileile itamshibisha bila kumkinga, na hakuna pakiti yoyote dukani inayoweza kuufungua tena utumbo uliokwisha kufunga.

Zaidi ya kinga, mama humpa mwanawe wakazi wa tumbo. Ndama anayebaki na mama yake hulambwa, husugua mdomo kwenye kiwele, hunusa majani yaliyotemwa na kinyesi kilichokanyagwa, na kwa njia hizo zisizopendeza machoni pa binadamu hupokea maelfu ya aina za vijidudu ambavyo vitaishi ndani yake maisha yote. Dang'a yenyewe ina sukari za minyororo mifupi ambazo hulisha baadhi ya bakteria wema na kuwazuia wabaya wasishike ukuta wa utumbo. Halafu kuna tumbo kuu, lile la kwanza kati ya sehemu nne za tumbo la mnyama acheuaye, ambalo siku za mwanzo ni dogo na halina kazi: maziwa hulipita kwa mfereji unaojifunga ndama anaponyonya, yakaingia moja kwa moja katika sehemu ya nne, ile inayofanana kazi na tumbo la binadamu. Tumbo kuu hukua pale tu ndama anapoanza kula nafaka na majani, bakteria wakavichachusha na kutoa asidi, hasa ile iitwayo byutiriki, ambayo huchochea kuota kwa vijinyama vidogovidogo vya kunyonya chakula katika ukuta wa tumbo hilo. Ukuaji wa ndama, kwa maana hiyo, ni kazi ya pamoja ya ndama na umma mzima wa viumbe wasioonekana, na mtu anayemtenga ndama na mama yake huwa amemtenga pia na umma huo, hata kama hakukusudia.

Nyongeza za lishe zimeingia katika pengo hili. Probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, kwa mujibu wa wataalamu walioitishwa na mashirika ya FAO na WHO nchini Argentina mwaka 2001, humletea manufaa ya afya anayepewa kwa kiasi cha kutosha. Kwa ndama aghalabu huwa ni bakteria wa jamii ya Lactobacillus, walewale wanaogandisha maziwa lala, pamoja na Bifidobacterium na Bacillus, au hamira iitwayo Saccharomyces cerevisiae. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko biashara yake, kwani Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908, alikuwa tayari amedai kwamba bakteria wa maziwa ya kuganda hulinda utumbo wa mwanadamu. Na wafugaji wa Bonde la Ufa, kwa mursik ya Wakalenjin na maziwa ya kuchacha ya Wamaasai, walikuwa wakiishi na bakteria hao pasipo kuwapa jina la kisayansi. Pribayotiki ni chakula cha vijidudu hivyo, si vijidudu vyenyewe: kwa mfano sukari zinazotokana na ukuta wa chembe za hamira, ambazo bakteria wa kuharisha kama E. coli na Salmonella huzishika wakidhani wameshika utumbo, kisha wakatoka nazo katika kinyesi. Chumvi za asidi ya byutiriki hutiwa ili kuharakisha kukomaa kwa tumbo na utumbo. Ukizitazama zote kwa pamoja, utaona kwamba moja inaiga ulimi wa mama, nyingine inaiga dang'a, na nyingine inaiga zizi alimozaliwa.

Je, zinafaa? Matokeo ya utafiti hutofautiana sana kutoka shamba moja hadi jingine, lakini jambo moja limejirudia vya kutosha kustahili kutafakariwa: manufaa huonekana zaidi pale ndama wanapoishi katika uchafu, msongamano, safari au maradhi, na hufifia pale walipopata dang'a mapema, maziwa ya kutosha, na zizi kavu. Mtaalamu wa lishe atalichukua jambo hili kama maelezo ya kiufundi kuhusu wakati wa kutumia nyongeza. Mwenye kutafakari maadili ataliona kwa jicho jingine, kwamba nyongeza inapofanya kazi kubwa mno, aghalabu huwa inatoa ushahidi juu ya kilichopungua, na kwamba mfugaji anayesifu unga alioununua kwa jinsi ulivyokomesha kuhara anapaswa kujiuliza kuhara huko kulitoka wapi.

Swali la kiasi cha deni lilikwisha kuulizwa, kwa ukali wa kushangaza, na mafakihi wa Kiislamu karne nyingi kabla ya kujulikana kwa bakteria. Msingi wa kuruhusiwa kunywa maziwa haukuwa na mashaka kwao: Kurani, katika sura ya 16 aya ya 66, inayataja maziwa safi yatokayo kati ya kinyesi na damu kuwa kinywaji alichopewa mwanadamu na kuwa jambo la kumzingatisha. Kilichobaki ni mpaka. Katika Minhaj al-Talibin, kitabu cha Imam al-Nawawi aliyefariki mwaka 1277, ambacho kimesomeshwa katika madrasa na misikiti ya pwani ya Afrika Mashariki kama nguzo ya fiqhi ya Kishafii, mlango wa nafaqa, yaani wajibu wa mtu kuwalisha wale walio chini yake, unaanza kwa mke na jamaa na kuishia kwa wanyama. Huko mwishoni al-Nawawi anaamua kwamba mwenye mnyama ni lazima amlishe na kumnywesha. Kwamba akikataa, hushurutishwa, ikiwa mnyama ni wa kuliwa, ama kumuuza, ama kumlisha, ama kumchinja. Na kwamba haruhusiwi kukamua kiasi kitakachomdhuru mtoto wa mnyama huyo. Mara tu baada ya hapo anaongeza kuwa visivyo na roho, kama nyumba na mfereji wa maji, si wajibu kuvikarabati. Mpangilio huo una uzito wake. Ng'ombe na nyumba zote ni mali ya mtu mmoja, zote zinaweza kuuzwa na kurithiwa, lakini nyumba ikianguka mwenyewe amejidhuru mwenyewe, na ndama akidhoofika kuna mwingine aliyedhulumiwa.

Wafafanuzi waliokuja baadaye hawakuridhika na neno la jumla kama madhara, wakataka kujua mpaka uko wapi hasa. Wote walikubaliana kwamba kinachoruhusiwa kukamuliwa ni kile kinachobaki baada ya ndama kushiba. Lakini kushiba ni nini? Al-Ruyani, mwanachuoni wa Tabaristan, alikieleza kuwa ni kiasi kinachomweka ndama hai asife. Al-Rafii, aliyefariki mwaka 1226, alisita: je, kweli kiasi hicho kinatosha? Na al-Adhrai, karne moja na zaidi baada yake, akasema kusita huko ndiko sahihi. Mtu anayesoma mjadala huu leo anaweza kuuona mdogo, mzozo wa wasomi juu ya vijiko vichache vya maziwa. Kwa kweli ndio mzozo wote wa maadili ya ufugaji, kwani kati ya ndama asiyekufa na ndama anayekua vizuri kuna shamba zima la mateso yasiyoacha mzoga. Ndama wa namna hiyo anajulikana na kila afisa mifugo: manyoya yamesimama na kukosa mng'ao, tumbo limetuna huku mbavu zikihesabika, mkia umegandamana na kinyesi kikavu, macho yamezama, na anapoletewa ndoo huisukuma kwa nguvu hadi imwagike. Hajafa, na kwa kipimo cha al-Ruyani mwenye ng'ombe hana lawama. Kusita kwa al-Rafii ni kwa ajili ya huyu.

Lipo pia sharti jingine, ambalo linagusa moja kwa moja suala la nyongeza na maziwa mbadala. Mafakihi wa Kishafii waliruhusu mwenye mnyama kumhamisha ndama kutoka maziwa ya mama yake hadi maziwa mengine, mradi maziwa hayo yamkubali na tumbo lake liyapokee vyema. Yasipomfaa, ndama ndiye mwenye haki zaidi ya maziwa ya mama yake kuliko mwenye ng'ombe. Hapa fiqhi inafanya jambo ambalo falsafa nyingi za haki za wanyama hazikulifanya: inakubali badala, haidai kwamba kumtenga ndama na mama yake ni dhuluma kwa vyovyote, lakini inaliweka tumbo la ndama kuwa hakimu wa badala hiyo. Hukumu haitolewi na bei ya unga wala na maelezo yaliyochapwa kwenye mfuko. Na hakimu huyu husema waziwazi. Ndama wa chini ya majuma matatu hana vimeng'enya, yaani kemikali za kusagia chakula, vya kutosha kwa protini ya soya isiyotayarishwa vyema au kwa wanga wa unga wa mahindi. Akipewa maziwa mbadala ya bei rahisi yaliyojazwa vitu hivyo, huharisha, na kuharisha huko, kwa mujibu wa sharti lililotajwa, kunamrudishia haki yake ya kwanza. Mafakihi hao walikuwa makini kiasi cha kupendekeza mkamuaji akate kucha zake ili asimuumize ng'ombe, na asikamue hadi tone la mwisho bali aache kitu kiweleni. Wasomaji wanaodhani huruma kwa wanyama ni uvumbuzi wa karne ya ishirini wangefaidika kwa kurasa hizo chache.

Katika ufugaji wa asili wa Afrika Mashariki mpaka huo haukuhitaji kitabu, kwa sababu ng'ombe mwenyewe aliulinda. Zebu, ng'ombe wa kienyeji mwenye nundu, kwa kawaida hashushi maziwa asipomwona, kumnusa au kunyonywa na ndama wake. Kwa hiyo mwanamke wa Kimaasai anapokamua asubuhi, ndama huachiliwa kwanza anyonye hadi maziwa yashuke, kisha mara nyingi chuchu mbili hukamuliwa na mbili huachiwa yeye. Kugawana huko hakukuwa na usawa wa kila siku, kwani wakati wa kiangazi watoto wa boma na ndama walishindania kidogo kilichopo, lakini hakuna aliyeweza kumsahau ndama: bila yeye hapakuwa na maziwa. Mambo yalibadilika kwa kuja kwa ng'ombe wa gredi, kama wanavyoitwa Kenya, au ng'ombe wa kisasa kama wanavyoitwa Tanzania, yaani Friesian, Ayrshire, Jersey na machotara wao, waliochaguliwa kwa vizazi vingi ili washushe maziwa kwa mkono wa mkamuaji peke yake. Nchini Kenya, mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 uliwafungulia wakulima Waafrika wa nyanda za juu mlango wa ng'ombe hao, na baada ya uhuru wakawa tegemeo la mamilioni ya kaya zenye eneo dogo. Kheri iliyotokana nao ni kubwa, na karo nyingi zimelipwa na kiwele. Lakini pamoja nao ndama alipoteza silaha yake pekee. Tangu siku hiyo angeweza kuondolewa zizini, akanyweshwa kwa ndoo kiasi alichopimiwa, au asinyweshwe, na maziwa yakaendelea kutoka. Haki iliyokuwa ikilindwa na maumbile ikabaki kulindwa na dhamiri tu, na dhamiri, ikikabiliwa na bei ya lita sokoni, hulemewa.

Hali hiyo inaeleza ni kwa nini nyongeza zinaweza kuwa malipo ya deni na zinaweza pia kuwa pazia la kulifichia. Mashamba mengi bado humpa ndama lita nne kwa siku, sehemu ya kumi ya uzito wake, ilhali ndama aachwaye na mama yake hunywa lita nane na zaidi. Mfugaji anayemnyima ndama lita nne kisha akamnunulia hamira na vitamini ili akue, amekata mkono kisha akanunua bandeji. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mitamba walioongeza uzito kwa kasi zaidi kabla ya kuachishwa kunyonya walitoa maziwa mengi zaidi katika uzao wao wa kwanza. Kwa maneno mengine, nyongeza ya lishe yenye nguvu kuliko zote ni maziwa yenyewe, na aliyesita pamoja na al-Rafii angeweza kuhesabiwa kuwa mfugaji hodari pia. Hata hivyo haifai kulijenga jengo la haki juu ya msingi wa faida, kwa sababu ambayo itaonekana mwishoni.

Historia imetoa mifano miwili ya nyongeza zilizovuka mpaka, na yote miwili ilianza kwa nia ya ukuaji. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Thomas Jukes na Robert Stokstad wa maabara ya Lederle nchini Marekani waligundua kwamba vifaranga waliolishwa masalia ya utengenezaji wa antibiotiki walikua haraka kuliko wenzao, na kwa miongo kadhaa dozi ndogo za dawa hizo zikatiwa katika chakula cha ndama wazima wasio na ugonjwa wowote. Ndama walikua, na bakteria sugu wakakua pamoja nao. Ripoti ya kamati ya Swann nchini Uingereza ilitahadharisha mwaka 1969. Sweden ikapiga marufuku mwaka 1986, Umoja wa Ulaya ukazifuta zilizosalia tarehe 1 Januari 2006, na Marekani ikazuia matumizi hayo kwa dawa muhimu kwa tiba ya binadamu mwaka 2017. Mfano wa pili ni mchungu zaidi. Unga wa nyama na mifupa, uliotengenezwa kwa mabaki ya machinjioni, ukiwemo mwili wa ng'ombe, ulitiwa katika vyakula vya ng'ombe wa maziwa na ndama wao nchini Uingereza kama chanzo rahisi cha protini. Mwaka 1986 ukatambuliwa ugonjwa mpya wa ubongo, uliokuja kuitwa kichaa cha ng'ombe, na kabla ya kudhibitiwa ulithibitishwa katika ng'ombe zaidi ya 180,000, wengi wao wakiwa wameambukizwa utotoni; ulishaji huo ulipigwa marufuku mwaka 1988, na makatazo zaidi yakafuata. Kiumbe aliyeumbwa ale majani alilishwa jamii yake, na hesabu za ukuaji zikatoka sawasawa kwenye karatasi.

Kinachounganisha mifano hii na unga wa kawaida dukani ni namna ya kuuliza swali. Anayeanza na ukuaji peke yake huuliza ni kitu gani kinachoweza kuongezwa ili kilo zipande, na kwa kuwa tumbo la ndama ni changa na lenye kupokea mengi, jibu litakuwa karibu kitu chochote. Anayeanza na haki huuliza kilichopungua ni kipi, na jibu lake lina mpaka, kwa sababu deni hulipwa kwa namna ya kilichochukuliwa. Bakteria wa maziwa lala wanaorudishwa kwa ndama aliyenyimwa ulimi wa mama yake ni malipo ya namna hiyo. Vivyo hivyo sukari za hamira zinazofanya kazi ya sukari za dang'a, na maji yenye chumvi na sukari anayopewa ndama anayeharisha pamoja na maziwa, si badala ya maziwa. Antibiotiki kwa ndama mgonjwa ni tiba anayoistahili. Antibiotiki kwa ndama mzima ili avumilie zizi bovu ni gharama ya zizi iliyohamishiwa tumboni mwake. Na ile desturi ya kumpa ndama maziwa ya ng'ombe anayetibiwa kwa sababu hayauziki inaangukia upande huo wa pili, kwa kuwa masalia ya dawa humfikia katika siku zilezile ambazo wakazi wa tumbo lake wanatafuta makao.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya yote haya halitoki kwa wafanyabiashara. Linatoka kwa maskini. Mjane mwenye ng'ombe mmoja na watoto watatu wa shule, ambaye lita nane za siku ndiyo mapato yake yote, akiambiwa nusu yake ni haki ya ndama anaweza kuuliza kwa haki vilevile kama mtoto wa ng'ombe ametangulia mtoto wa mtu. Jibu la kweli haliwezi kuwa la haraka. Mpangilio wa mlango wa nafaqa uliotajwa unawaweka jamaa kabla ya wanyama, na hakuna mapokeo ya dini yaliyozoeleka Afrika Mashariki yanayomtaka mama aache watoto wake walale njaa ili ndama ashibe. Lakini ni hapa hasa ambapo badala iliyo halali inapata maana yake kamili. Dang'a iliyotolewa kwa wakati, maziwa kidogo yaliyokamilishwa na chakula cha ndama kilichotengenezwa vyema kuanzia wiki ya kwanza, majani makavu mazuri baadaye, maji safi, ndoo iliyooshwa, na hamira ya bei ndogo pale inapohitajika, vinaweza kumfikisha ndama kwenye kuachishwa kunyonya akiwa mzima bila kuivunja nyumba. Kwa mjane huyo nyongeza ya lishe ni njia ya kuwatendea haki wawili kwa mali isiyowatosha, na yeye, kuliko mwenye shamba kubwa, ndiye anayestahili kupewa elimu ya kweli kuhusu nini kinafaa na nini ni unga wa bure. Anayemuuzia takataka kwa jina la sayansi anamwibia mara mbili, mama na ndama.

Imebaki sababu ya kutoijenga haki juu ya faida, nayo ni ndama dume. Yote yaliyosemwa juu ya ukuaji humhusu mtamba, ambaye maziwa anayopewa yatarudi kwa wingi. Dume wa ng'ombe wa maziwa hatatoa maziwa, nyama yake huchelewa na ni kidogo kuliko ya ng'ombe wa nyama, na kazi ya kupandisha imechukuliwa na mirija ya mbegu. Katika mashamba mengi duniani, na katika mazizi mengi ya nyanda za juu, huuzwa akiwa na siku chache, huchinjwa, au huachwa afifie kwa kunyimwa. Immanuel Kant alifundisha kwamba mwanadamu hana wajibu wa moja kwa moja kwa wanyama, na kwamba ukatili kwao ni mbaya kwa sababu humzoeza mtu ukatili kwa wenzake. Kwa kipimo hicho dume anaweza kutupwa mradi atupwe kwa adabu na mbali na macho. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa Damascus na Kairo aliyefariki mwaka 1262, alihesabu haki za wanyama juu ya mwanadamu, akaweka miongoni mwazo kuwalisha hata wanapozeeka au kuugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena. Wajibu hapo unafuata uhitaji wa mnyama, na manufaa ya mwenyewe hayaingii katika mizani. Kuchinja hakukatazwi, kwani ni mojawapo ya njia tatu ambazo al-Nawawi aliziacha wazi. Njia ya nne, ya kumwacha aishe polepole kwa sababu hata chakula kidogo hakimstahili, haimo. Kitabu cha Walawi, sura ya 22 aya ya 27, kinaelekeza upande huohuo kwa namna yake: ndama, mwanakondoo na mwanambuzi waachwe na mama yao siku saba, na kuanzia siku ya nane ndipo wanapokubalika kuwa sadaka. Sababu ya amri hiyo imejadiliwa kwa namna nyingi na wafasiri wa Kiyahudi na wa Kikristo, lakini kilichoamriwa ni wazi, kwamba hata mnyama ambaye mwisho wake umekwisha kuamuliwa ana siku zake saba, nazo zinatosha kuyafunika yale majira ambamo maziwa ya mama yangali dang'a.

Na dang'a ya siku hizo za mwanzo haipokelewi katika kituo cha kukusanyia maziwa, kwa kuwa huganda ikichemshwa. Ng'ombe wa gredi aliyezaa salama hutoa zaidi ya anayoweza kunywa ndama mmoja. Dume anayenyimwa lita zake nne siku hiyo hanyimwi kwa ajili ya karo ya mtu yeyote. Wala kumpa hakuhitaji unga wa dukani, isipokuwa mkono wa kushika ndoo au kumsogeza kiweleni, katika saa sita za kwanza, kabla utumbo haujafunga.